Hasira na kuvunjika moyo kwa jicho la Watao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi, ndugu na marafiki waliosikia kwamba ninasoma maandiko ya kale ya Wachina. Wengi wao hawakuja kwa udadisi wa kitaaluma. Walikuja kwa sababu kuna mtu aliyewaudhi au jambo lililowavunja moyo. Nimejibu kwa kadiri ninavyoyaelewa maandiko yenyewe, na pale ninapotoa rai yangu nimesema wazi kwamba ni yangu.

Utao ni nini, na mafunzo yake juu ya hasira yanapatikana wapi?

Utao ni mapokeo ya fikra na ibada yaliyozaliwa China, na jina lake limetokana na neno "tao", ambalo siku hizi huandikwa pia "dao", lenye maana ya njia. Njia inayokusudiwa ni ule mwenendo wa asili ambao kwa huo vitu vyote hutokea, hukua na kurejea vilikotoka bila ya kuamrishwa na mtu. Vitabu viwili ndivyo nitakavyovitegemea zaidi. Cha kwanza ni Daodejing, kijitabu cha sura 81 fupifupi na herufi za Kichina zipatazo 5,000, ambacho mapokeo humnasibisha nacho mzee aitwaye Laozi, ingawa wataalamu wengi wanaona kwamba kimepita katika mikono ya watu kadhaa. Ukale wake hauna shaka, kwa kuwa mwaka 1993, katika kaburi moja la Guodian mkoani Hubei, zilipatikana sehemu zake zilizoandikwa juu ya vipande vya mianzi yapata mwaka 300 KK. Cha pili ni Zhuangzi, chenye sura 33, kilichopewa jina la mwanafikra wa karne ya 4 KK aliyependa kufundisha kwa hadithi za wapishi, mafundi, vilema na wanyama.

Katika vitabu hivi hakuna mahali palipotengwa kwa ajili ya hasira. Mafunzo yametawanyika, mstari huku na kisa kule, na msomaji hana budi kuyaokota mwenyewe.

Je, Watao wanafundisha kwamba mtu asikasirike kabisa?

Hapana, na njia bora ya kulieleza jambo hili ni kisa cha mtumbwi mtupu, kilichomo katika sura ya 20 ya Zhuangzi. Mtu anavuka mto kwa chombo chake, mara mtumbwi usio na mtu unaelea na kumgonga. Hata awe na moyo mwembamba namna gani, hatakasirika. Lakini akimwona mtu ndani ya mtumbwi ule, atampigia kelele asogee. Asiposikika ataita mara ya pili, na mara ya tatu kelele zitafuatana na matusi. Kishindo ni kilekile, maji ni yaleyale, na mbao zimekwaruzika kwa kiasi kilekile. Kilichoongezeka ni mtu tu, na pamoja naye ile dhana yetu kwamba amekusudia, ametudharau, au hajali kuhusu sisi.

Ukikichunguza kisa hiki utaona kwamba sehemu kubwa ya hasira haitoki katika kugongwa bali katika maelezo tunayoyatunga baada ya kugongwa. Jirani amepita bila ya kusalimu; sisi tumekwisha kuamua kwamba anaringa, kumbe ametoka hospitalini na habari mbaya. Ujumbe haukujibiwa kwa siku mbili, nasi tumekwisha kuandika moyoni hukumu nzima, pamoja na adhabu yake.

Hata hivyo, naona kwamba wengi wanaokisimulia kisa hiki hukiacha nusu. Husema, "Waone watu wengine kama mitumbwi mitupu," kisha hunyamaza. Anayezungumza katika kisa chenyewe ni Yiliao, mkazi wa kusini mwa soko, naye anamshauri mtawala wa Lu aliyekuwa amelemewa na wasiwasi wa dola yake. Ushauri wake ni kwamba mtawala mwenyewe awe mtupu, yaani apite duniani bila ya kujijaza nafsi, na hapo hakuna atakayeweza kumdhuru. Anayetakiwa kumtoa abiria kwenye mtumbwi ni wewe, na abiria huyo ni ule ukubwa wetu unaosimama kila mara na kuuliza, "Hivi wananijua mimi ni nani?" Sura hiyo inatugusa pande zote mbili, lakini upande wa pili ndio mzito zaidi, na kwa uzoefu wangu ndio unaoponya.

Na ikiwa mtumbwi una mtu kweli, naye amenigonga kwa makusudi?

Hili ndilo swali la haki kuliko yote, na sitaki kulipita kwa haraka. Wapo watu wanaodhulumu wakijua wanachofanya, na kumwambia aliyedhulumiwa kwamba mtumbwi ulikuwa mtupu ni kumwongezea dhuluma.

Sura ya 79 ya Daodejing inaanza na jambo ambalo wasuluhishi wengi hawapendi kulikiri: kinyongo kikubwa kikisuluhishwa, lazima masalio yake yabaki. Kisha inaleta mfano unaohitaji maelezo kidogo. Katika China ya kale, mkataba wa deni uliandikwa juu ya kibao kilichopasuliwa vipande viwili, na mwenye kudai alishika kipande cha kushoto, ili siku ya malipo vipande viunganishwe na kuonekana kwamba vinalingana. Mwenye hekima, inasema sura hiyo, hushika kipande cha kushoto lakini hawabani watu. Tazama vizuri: haikusemwa kwamba kipande kitupwe mtoni. Deni halijafutwa, na ushahidi wake umo mkononi; kinachoachwa ni ule ubanaji wa kila siku, wa kuamka nalo na kulala nalo, ambao humchosha mdai kuliko unavyomchosha mdaiwa.

Katika sura ya 63 kuna agizo gumu zaidi, la kuulipa uovu kwa "de". Neno hili kwa kawaida hufasiriwa kuwa wema, na agizo lenyewe lilikuwa na wapinzani tangu zamani. Katika mazungumzo ya Confucius, mwalimu mashuhuri wa China ya kale, kitabu cha 14, mtu anamuuliza maoni yake juu ya msemo kama huo, naye anarudisha swali: basi wema utaulipa kwa nini? Jibu lake ni kwamba uovu ulipwe kwa unyofu, na wema kwa wema. Naona kwamba Confucius ameuliza swali la maana, na mtu anayefuata ushauri wake katika mahakama au ofisini hakosei. Lakini neno "de" ni pana kuliko ukarimu. Ni ile nguvu ya tabia iliyomo ndani ya mtu na inayoonekana katika kila anachokifanya. Kwa hiyo ninaisoma sura ya 63 hivi: aliyenikosea nimjibu kwa tabia yangu, nisimjibu kwa tabia yake. Ninaweza kumshtaki, ninaweza kumnyima kazi nyingine, ninaweza kuvunja urafiki, na yote hayo nikayafanya bila ya kuazima ukali wake.

"Kutotenda" si ni sawa na kukaa kimya na kuvumilia?

Msemo wa Kichina ni "wu wei", na tafsiri ya "kutotenda" imewapotosha wengi. Maana yake ni kutenda bila ya kulazimisha, kama mtu anayefuata mkondo badala ya kuupinga kwa kifua.

Mfano wake maarufu ni Mpishi Ding katika sura ya 3 ya Zhuangzi, ambaye alikuwa akimpasua ng'ombe mbele ya Bwana Wenhui kwa wepesi uliofanana na ngoma. Alipoulizwa siri yake, alisema kwamba mpishi wa kawaida hubadili kisu kila mwezi kwa sababu hupigapiga mifupa, na mpishi mzuri hubadili kila mwaka kwa sababu hukata nyama. Yeye kisu chake kina miaka 19, kimepita katika maelfu ya ng'ombe, na makali yake ni kama kimetoka kwenye kinoo sasa hivi. Baina ya viungo mna nafasi, na makali ya kisu hayana unene. Kitu kisicho na unene kikipitishwa penye nafasi hakikosi pa kupita.

Ninachokipenda zaidi ni maneno yanayofuata, ambayo husahauliwa. Ding anasema kwamba hata yeye, akifika penye fundo, huona ugumu wake, hujihadhari, hukaza macho, hupunguza mwendo, na kukisogeza kisu kidogo sana, mpaka nyama inaachana kama udongo unaoporomoka. Yeyote aliyesimama buchani asubuhi anajua tofauti ya muuzaji anayetafuta kiungo kwa ncha ya kisu na yule anayeupiga mfupa kwa shoka mpaka vipande vinamrukia mteja.

Mazungumzo magumu yana mifupa na yana viungo. Mwajiri aliyekunyima haki yako ana mambo asiyoweza kuyakubali mbele ya watu, na huo ni mfupa. Lakini ana jambo moja analoliogopa au kanuni moja aliyoitia sahihi mwenyewe, na hicho ni kiungo. Mtu aliyepandwa na hasira hupiga popote. Aliyetulia hutafuta, na akifika penye fundo hupunguza mwendo. Sura ya 68 ya Daodejing inasema jambo hilohilo kwa lugha ya vita, kwamba mpiganaji hodari hana ghadhabu. Haisemi kwamba hapigani.

Hasira imekwisha kunipanda. Nifanye nini sasa hivi?

Kiswahili chetu husema mtu amepandwa na hasira, na inafurahisha kuona kwamba Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, kinasema vilevile: hasira huipandisha qi, ile pumzi ya uhai, na ikizidi hulidhuru ini. Ndiyo maana mazoezi ya Kitao kwa wakati kama huo huanza na kushuka. Keti ikiwa umesimama. Iache pumzi iende chini tumboni, na utoaji wake uwe mrefu kuliko uingizaji. Legeza taya na vidole. Usijaribu kuwaza mawazo mazuri, kwa sababu wakati huo mawazo yote, hata mazuri, yana moto.

Kisha subiri. Sura ya 23 ya Daodejing inakumbusha kwamba tufani haimalizi asubuhi nzima, wala mvua ya ghafla haimalizi siku. Ikiwa mbingu na ardhi haziwezi kudumisha ukali wao, mwanadamu ataweza wapi? Na sura ya 15 inauliza ni nani awezaye kutulia mpaka maji yenye tope yawe safi.

Swali hilo la maji ya tope nimelielewa kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita niliahidiwa kwa maandishi nafasi fulani ya kazi, kisha akapewa mtu mwingine bila ya mimi kuambiwa lolote; nilizipata habari kwa kusikia. Usiku ule niliandika katika simu ujumbe wa mistari 11 kwa mkuu wangu. Nilikuwa nimekwisha kuupeleka mkono kwenye kitufe cha kutuma, nikaiweka simu juu ya kabati na kwenda kulala, ingawa usingizi haukuja upesi. Asubuhi maji ya bomba yalitoka mekundu kwa sababu ya mvua, kama yanavyofanya kila masika, nami nikakinga ndoo na kuiacha pembeni ya mlango. Kwanza hukuona hata upande wa ndani wa ndoo. Baada ya kama saa moja sehemu ya juu ilianza kung'aa, na tope likawa linashuka polepole kama pazia, hadi nikaona mkwaruzo mdogo uliokuwa chini kabisa. Sikuwa nimefanya chochote isipokuwa kutoitikisa.

Nilipoisoma tena mistari yangu 11, niliona kwamba miwili ilikuwa mambo ya hakika: kwamba niliahidiwa kwa barua, na kwamba ninaomba maelezo. Tisa iliyobaki ilikuwa tope. Nilituma ile miwili. Nafasi sikuipata, lakini maelezo niliyapata, na mwaka uliofuata hakuna aliyeweza kusema kwamba mimi ni mtu wa kelele.

Kwa hiyo hasira imezwe tu mpaka ipite?

Kumeza na kutulia ni mambo mawili. Anayemeza hulifunika tope na kifuniko, kisha huendelea kuitikisa ndoo kwa siri kila usiku. Anayetulia ameliona tope, amekubali kwamba lipo, na ameacha kutikisa. Dalili ya kumeza ni kwamba jambo dogo lisilohusika, kama chumvi kuzidi kwenye mchuzi, hukutoa machozi au ukali usio na kiasi. Ukijiona katika hali hiyo, tafuta mtu wa kuzungumza naye kabla ya kutafuta sura ya kusoma.

Mtu akinidharau mbele za watu je?

Sura ya 5 ya Zhuangzi inamleta Shentu Jia, mtu aliyekatwa mguu kwa adhabu ya serikali. Alikuwa akisoma kwa mwalimu Bohun Wuren pamoja na Zichan, waziri mkuu wa Zheng, ambaye aliona aibu kuketi naye mkeka mmoja na akamtaka asitoke mlangoni wakati mmoja naye. Shentu Jia anamjibu kwa heshima na kwa ukali pamoja: wengi wenye miguu miwili wamenicheka mimi nisiye na miwili, nami nilikuwa nikiwaka kwa hasira, lakini nikifika kwa mwalimu, hasira ile huniondoka nikarudi mtulivu. Nimekuwa naye kwa miaka 19, wala hajapata kunijua kuwa ni mtu wa mguu mmoja. Zichan anabadilika uso na kumwomba asiendelee.

Utulivu wa Shentu Jia haukutoka ndani yake peke yake. Aliupata kwa kukaa karibu na mtu ambaye machoni pake kilema hakikuwa na uzito wowote. Tunapozungumza juu ya kudhibiti hasira huwa tunamtwika mtu mmoja mzigo wote, tukasahau kuuliza anaishi na nani. Mwenye kudharauliwa kazini kutwa nzima anahitaji angalau nyumba moja ambamo hakuna anayeuhesabu mguu wake.

Lakini yapo maudhi yanayotegwa kwa makusudi, na hapo wahenga wetu wa pwani wametosheleza: hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Mkizi huruka kwa ghadhabu akatua mwenyewe ndani ya chombo. Anayekuchokoza mbele za watu mara nyingi ana wavu tayari.

Kuvunjika moyo ni tofauti na hasira. Watao wana la kusema?

Wanalo, na kisa kinachotajwa daima ni cha mzee wa mpakani, kilichomo katika sura ya 18 ya Huainanzi, kitabu kilichokusanywa chini ya Liu An, mwanamfalme wa Huainan, na kupelekwa kwa Mfalme Wu mwaka 139 KK. Farasi wa mzee alitorokea upande wa pili wa mpaka. Watu walipompa pole, aliuliza: mnajuaje kwamba hii haitakuwa heri? Baada ya miezi kadhaa farasi alirudi na wenzake wazuri. Walipompongeza, aliuliza: mnajuaje kwamba hii haitakuwa balaa? Mwanawe alipanda farasi mmojawapo, akaanguka na kuvunjika paja. Mwaka mmoja baadaye vita vikazuka, vijana wakachukuliwa, tisa kati ya kumi wa mpakani wakafa. Mwanawe alibaki kwa sababu alikuwa kiwete.

Kisa hiki kinatumiwa vibaya kila siku. Kinageuzwa kuwa ahadi, kana kwamba kila hasara imebeba faida ndani yake na ni suala la kungoja tu. Mzee hakuahidi. Aliuliza, na aliuliza hata wakati wa furaha, jambo ambalo wanaopenda kisa hiki hawalifanyi siku ya kupandishwa cheo. Alichokikataa ni kuifunga hesabu mapema. Moyo uliovunjika una haraka ya kutoa hukumu: nimefeli mtihani huu, basi maisha yameharibika, huyu ameniacha, basi sipendeki. Swali la mzee huiacha hukumu wazi kwa siku nyingine chache, na kwa mtu aliyezama, siku chache ni nyingi.

Tena, tafadhali, usimwambie kisa hiki mtu aliyefiwa.

Zhuangzi alipofiwa, je, hakuimba?

Aliimba, na ndiyo maana swali hili huulizwa kwa mshangao. Sura ya 18 ya kitabu cha Zhuangzi inasimulia kwamba rafiki yake Huizi alikwenda kumpa pole kwa kifo cha mkewe, akamkuta ameketi amenyoosha miguu, anapiga beseni kama ngoma na kuimba. Huizi akamkaripia: ameishi nawe, amelea watoto wako, amezeeka nawe, kutolia kunatosha, lakini kupiga ngoma si kumezidi? Zhuangzi akajibu kwamba sivyo. Alipokufa tu, alisema, ningewezaje kutoguswa? Kisha alieleza jinsi alivyotafakari kwamba mkewe alitoka katika hali isiyo na umbo, akapata umbo na uhai, na sasa amebadilika tena, kama majira manne yanavyofuatana.

Maneno ya mwanzo ya jibu lake ndiyo yenye thamani kwangu. Aliguswa kwanza, na tafakuri ikaja baada ya maumivu, kwa wakati wake. Mtu anayetaka kuruka moja kwa moja hadi kwenye wimbo, au anayewataka wafiwa wenzake waruke, hajakisoma kisa hiki kwa ukamilifu.

Je, kosa ni kutarajia? Niache kabisa kuwa na matumaini kwa watu?

Daodejing haikatazi matumaini; inatahadharisha juu ya kunyanyuka kupita kimo. Sura ya 24 inasema asimamaye kwa ncha za vidole hasimami imara, na sura ya 44 inasema ajuaye kutosheka hafedheheki. Matarajio mengi yanayotuvunja moyo ni ya aina hii ya ncha za vidole: tulimtaka rafiki awe ndugu, tulimtaka mtoto aishi maisha tuliyoyakosa, tulitaka shukrani ya kiasi fulani na kwa sauti fulani.

Zhuangzi analo pia lile la mfugaji wa nyani, katika sura ya 2. Aliwaambia kwamba watapata njugu tatu asubuhi na nne jioni, wakakasirika wote. Akasema basi, nne asubuhi na tatu jioni, wakafurahi wote. Jumla ni saba vyovyote vile. Wasomaji wengi huwacheka nyani, nami ninadhani tumtazame mfugaji. Hakuwatukana, hakuwatolea hoja ya hesabu. Hakupoteza kitu kwa kubadili mpangilio, basi akaubadili. Katika nyumba zetu, ugomvi mwingi ni wa tatu na nne, na mwenye akili iliyotulia huweza kutoa upande ambao haumgharimu chochote.

Mafundisho haya si yanawafaa wakubwa wanaotaka wanyonge wanyamaze?

Yanaweza kutumiwa hivyo, kama fundisho lolote la subira. Lakini Daodejing yenyewe haikuwaogopa wakubwa. Sura ya 75 inasema watu wana njaa kwa sababu walio juu yao wanakula kodi nyingi mno. Sura ya 53 inaeleza majumba ya kifalme yaliyopambwa huku mashamba yamejaa magugu na maghala matupu, na wenye mamlaka wakivaa mavazi ya fahari na kushiba kupita kiasi, kisha inauita mwenendo huo kwa jina lake, ujambazi. Hakuna tusi ndani yake, na hakuna mwenye kusoma asiyeelewa nani anasemwa. Tena mwaka 184 BK wafuasi wa Zhang Jue, kiongozi wa madhehebu ya Kitao, waliinuka dhidi ya nasaba ya Han wakiwa wamefunga vitambaa vya manjano kichwani. Sitetei umwagaji damu uliofuata; nataja tu kwamba historia ya Utao si ya watu walioketi kimya chini ya miti.

Mimi ni Muislamu (au Mkristo). Je, ninaweza kuyatumia haya?

Ibada za Kitao, zenye miungu yake, makuhani na mahekalu, ni dini kamili, nayo mtu mwenye imani nyingine hana sababu ya kuichanganya na yake. Mafunzo ya mwenendo ni jambo jingine. Sura ya 33 ya Daodejing inasema anayewashinda wengine ana nguvu, na anayejishinda mwenyewe ndiye imara. Muislamu atakumbuka mara moja hadithi ya Mtume kwamba mwenye nguvu si bingwa wa mieleka bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira, na Mkristo ataikumbuka Mithali 16:32. Mafundisho haya hayakuazimana. Yamekutana, na kukutana kwake kunanipa imani zaidi kwamba yanasema kweli juu ya mwanadamu.

Kuna hali ambazo mafunzo haya hayatoshi?

Zipo. Anayepigwa nyumbani hahitaji kutafakari mtumbwi. Anahitaji kuondoka penye hatari na kwenda kwa watu wanaoweza kumlinda, na katika vituo vya polisi vya Tanzania na Kenya yapo madawati ya jinsia kwa kazi hiyo. Huzuni inayodumu kwa majuma, inayoondoa usingizi, hamu ya chakula au hamu ya kuishi, ipelekwe kwa daktari bila ya kuchelewa.

Inachukua muda gani mtu kubadilika, na nianze wapi?

Anza na sura ya 8, ya maji, kisha ya 15, 23, 63 na 79 za Daodejing. Zote tano husomeka kabla chai haijapoa, na inafaa zisomwe tena na tena badala ya kukimbilia nyingine. Kisha soma sura ya 3 na ya 5 za Zhuangzi.

Kuhusu muda, utakuwa umeona kwamba kisu cha Ding kilikuwa na miaka 19, na Shentu Jia alikaa kwa mwalimu wake miaka 19. Ding anaeleza pia alivyoanza: mwanzoni alimwona ng'ombe mzima tu mbele yake, na baada ya miaka mitatu ndipo akaacha kumwona mzima. Mimi nina miaka sita tu ya kujifunza. Siku nyingi bado ninamwona ng'ombe mzima, lakini ile simu huwa ninaiweka juu ya kabati kabla ya kuandika mstari wa pili.